Mzigo, Hongo na Siku za Kiangazi: Kigwa katika Njia ya Misafara

Msafiri wa zama hizi afikapo kiwanja cha ndege huweka mzigo wake juu ya mizani, na ukizidi kadiri iliyowekwa hutozwa ada. Kwa mashirika mengi, begi moja likipita kilo 32 halipokelewi hata kwa malipo. Sharti lifunguliwe na kugawanywa. Ni watu wachache wakumbukao kwamba uzito huo ni karibu sawa na farasila mbili, yaani ratili 70, ambazo katika karne ya 19 zilikuwa ndiyo kadiri ya juu ya mzigo wa nguo aliouchukua mpagazi mmoja toka pwani hadi Unyanyembe. Kilichopimwa zamani hizo kilikuwa bega la mtu, na cha leo ni mgongo wa mpakiaji wa mizigo; wala si ajabu kwamba vipimo viwili hivyo vyakutana.

Kigwa ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya njia hiyo. Msafara uliovuka Ugogo na kisha nyika ya Mgunda Mkali ulifika kwanza Tura, jina ambalo kwa Kinyamwezi ni amri ya kutua mzigo, kisha Rubuga, kisha Kigwa, na baada ya hapo Unyanyembe yenyewe, penye mji uitwao leo Tabora. Safari nzima ilikuwa ya maili zipatazo 500. Richard Burton na John Speke, waliofika Unyanyembe tarehe 7 Novemba 1857, walitumia siku 134 toka pwani. Henry Stanley mwaka 1871 alitumia siku 84.

Mambo ya mizigo yalikuwa na elimu yake. Nguo, hasa merikani iliyofumwa Marekani, zilifungwa kwa mkazo mpaka zikawa kitu kigumu kama gogo, na furushi hilo ndilo lililoitwa mtumba. (Neno hilo limedumu, ila siku hizi latajwa zaidi sokoni kuliko njiani.) Masango ya shaba nyeupe na nyekundu yalitundikwa katika ncha mbili za mti. Pembe ya ndovu ilichukuliwa begani, na aliyebeba pembe kubwa alijiona mtu wa cheo. Sanduku lilichukiwa na wote. Juu ya haya yote mpagazi alikuwa na vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha, na posho ya siku zijazo, na vitu hivyo havikuandikwa katika hesabu ya tajiri.

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa lawama juu ya asubuhi ya kwanza ya safari: wenye nguvu hukimbilia mizigo miepesi, wengine huinua mtumba na kuushusha, hupiga kelele kwamba umezidi, hukataa katakata. Waandishi hao waliona uvivu. Lakini tuhuma hiyo haisimami, maana wao hao katika kurasa nyingine hushangaa kuwa Wanyamwezi waliufanya upagazi kuwa fahari ya ujana, hata kijana asiyewahi kuiona pwani akachekwa. Mtu aijuaye kazi yake hugombana mwanzoni, kabla ya kutoka, kwa kuwa ratili tano zilizokubaliwa Bagamoyo zitakuwa begani mwake hata Kigwa.

Kulikuwa na kipimo kingine kisichohitaji mizani, nacho ni siku. Katika nchi za kaskazini za mbali mchana hupungua kwa dhahiri mwisho wa kiangazi, na watu huhesabu kila jioni jinsi giza linavyowahi. Unyamwezini, digrii tano tu kusini ya Ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja katika mwaka mzima. Kilichopungua huko kilikuwa kiangazi chenyewe. Mnyamwezi alikwenda pwani baada ya mavuno na kutaka kurudi kabla ya mvua za Novemba, ili awahi kushika jembe. Msafara uliochelewa Ugogo ulikula siku za shamba lake. Ndiyo maana msafara ulioonekana mzembe katika miezi ya katikati ya mwaka ungeweza ghafla kwenda kwa haraka, hata kwa mwendo wa alasiri ulioitwa terekeza, watu wakilala porini bila maji ili wavuke nyika kwa siku chache.

Hapa ndipo habari ya hongo iingiapo. Leo neno hilo ni la aibu, lakini zamani lilikuwa ushuru wa wazi alioutoza mtemi kwa wapitao katika nchi yake, kwa nguo, ushanga na masango. Ugogo ilisifika kwa hongo. Mashauri yalikwenda siku mbili tatu, na kila siku watu wa msafara wote walikula. Wafanyabiashara na wapelelezi waliiona kuwa unyang'anyi. Hapana shaka palikuwa na watemi wenye tamaa. Lakini mtemi huyo alikuwa na visima, na watu wake walikuwa na mtama wa kuuza, na kiangazi maji ya Ugogo si kitu cha kugawiwa bure. Mgunda Mkali, penye vijiji vya kuhesabika, hapakuwa na mengi ya kulipwa. Wala hapakuwa na chakula cha kununua, na huko ndiko watu walikokufa kwa njaa na kiu.

Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, yapata ratili moja na nusu. Basi nyika ya siku kumi ilimwongezea mpagazi ratili 15, zaidi ya sehemu moja ya tano ya mtumba wake. Kijiji chenye ghala ni uzito uliotuliwa njiani. Msafara ulipojua kwamba Tura, Rubuga na Kigwa ziko hai, ulibeba biashara. Usipokuwa na hakika, ulibeba chakula.

Na Kigwa haikudumu kuwa hai. Baada ya safari ya Burton, Waarabu wa Unyanyembe waligombana na mtemi Mnywa Sera, na ushuru ulikuwa miongoni mwa sababu za ugomvi huo. Walimwondoa katika kiti karibu na mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa, na vita vya porini vikaendelea mpaka Mnywa Sera alipouawa mwaka 1865. Stanley alipopita Juni 1871 aliikuta Rubuga imeharibiwa, na Kigwa imepatwa na mkasa uo huo. Wafanyabiashara waliokataa kutozwa walikuwa wamejipatia njia isiyo na wa kuwatoza, wala wa kuwauzia. Gharama hiyo haikuandikwa katika daftari yoyote ya Unguja, kwa sababu iliwekwa juu ya mabega ya wapagazi.

Miaka miwili baadaye mzigo wa namna ya pekee ulitoka Unyanyembe. Chuma, Susi na wenzao, waliouleta mwili wa David Livingstone toka mbali kusini-magharibi, walifika Kasekera mwishoni mwa 1873, na wenyeji wakakataa maiti isipite katika nchi yao. Watu wale wakatangaza kwamba wameukubali ushauri wa kurudi kuuzika Unyanyembe. Wakafunga mabua ya mtama kwa nguo, kwa urefu wa mtu, na watu sita wakaondoka nayo jua likikaribia kuchwa kwa huzuni ya kujifanya. Walipokwisha kufika porini wakayatupa mabua moja moja, huku na huku, wakarejea kwa njia nyingine. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa upya kwa umbo la mtumba wa kawaida. Ukainuliwa pamoja na mingine, na Februari 1874 ukafika Bagamoyo.