Ulimwengu pepe katika kufundisha kazi ya timu vyuoni

Ulimwengu pepe ni mandhari ya kompyuta yenye ardhi na majengo, ambamo watu wengi huingia kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Kila mtu huwa na avata, yaani umbo linalotembea, kuongea na kushika vitu kwa niaba yake. Vyuo vikuu vimeutumia kuwazoesha wanafunzi kufanya kazi kwa timu, hasa wanaosoma wakiwa mbali na wenzao.

Uliovuma zaidi ni Second Life, uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Harvard kiliendesha humo sehemu ya kozi ya sheria. Open University ya Uingereza nayo ilikuwa na visiwa vyake humo, yaani maeneo yake ya ardhi pepe.

Thamani ya Second Life katika kufundisha kazi ya timu imo katika ujenzi. Vitu huundwa kwa vipande sahili, kama mchemraba, tufe au mcheduara, na kila kipande ni mali ya aliyekiunda. Mwenzake hawezi kukibadili mpaka apewe ruhusa. Kisiwa nacho kina ukomo wa vipande, ambao kwa miaka mingi ulikuwa 15,000. Timu inayojenga zahanati, kwa mfano, hulazimika kukubaliana mapema nani amruhusu nani, na nani apunguze mapambo ili paa likamilike. Anayetoweka bila kutoa ruhusa huacha kuta zisizorekebishika, na wote wanaona.

Mazungumzo ya maandishi yanaweza kuhifadhiwa, nayo ndiyo hazina ya mhadhiri. Timu huyapitia baadaye ikichunguza uamuzi ulifikiwaje na nani alinyamaza. Bila kikao hicho wanafunzi hutoka wakijua kujenga tu.

Umbo la avata pia lina uzito. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha kuwa waliopewa avata ndefu walijipendelea zaidi katika kugawana fedha, na wenye avata fupi walikubali kupunjwa kwa wepesi zaidi. Ni busara timu ipewe avata za kimo kimoja.

Mwaka 2011 Linden Lab iliondoa punguzo la nusu bei kwa taasisi za elimu. Lilirejeshwa mwaka 2013, lakini vyuo kadhaa vilikuwa vimeshahamia OpenSimulator, programu huria iliyoanza mwaka 2007, ambayo chuo huiweka kwenye seva yake chenyewe. Humo pia ujenzi hufuata utaratibu uleule wa vipande na ruhusa.