Mzizi wa Simu na Hatari ya Kuugusa

Wazee wetu walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Kijana wa leo huishika simu mkononi, akapiga picha, akasoma habari za dunia na kutuma fedha nyumbani, wala asifikiri kwamba chombo kile kidogo kina serikali yake ndani. Kina sheria, kina walinzi, kina milango iliyofungwa, na kina mtawala mmoja ambaye amri yake haipingwi. Kwa lugha ya mafundi wa kompyuta mtawala huyo huitwa ruti, maana yake mzizi. Katika insha hii nataka kueleza alitoka wapi, jinsi wenye simu za Android walivyojitwalia mamlaka yake, na kwa nini mamlaka hayo yakishikwa kwa pupa humpotezea mtu kitu ambacho fedha haziwezi kukirudisha. Mengi ya haya nayajua kwa kusoma. Moja nalijua kwa kujuta.

Katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba, tena ghali mno, hata watu wengi wakalazimika kushirikiana moja. Katika chuo cha MIT, nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kila mtu alipewa neno lake la siri, ili mali ya huyu isiguswe na yule. Maneno hayo yote yaliwekwa katika faili moja iliyosimamiwa na wakuu wa mfumo.

Siku moja wasimamizi wawili walikuwa wakisahihisha faili mbili kwa wakati mmoja. Mmoja aliandika tangazo la kusomwa na kila aingiaye. Wa pili alitengeneza ile orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuandikia iliwapa wote wawili nakala ya muda yenye jina lile lile, na nakala zile zikabadilishana mahali. Basi kila aliyeketi mbele ya mashine siku hiyo, badala ya kusoma tangazo, alisoma maneno ya siri ya watu wote. Hapakuwapo mwizi wala adui. Walikuwapo watu wawili waaminifu, wenye mamlaka kamili, waliohariri faili za mfumo bila tahadhari ya kutosha. Kisa hiki chafaa kukumbukwa, kwa maana tangu hapo hata leo madhara mengi ya aina hii hutokea kwa njia iyo hiyo.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell, jimbo la New Jersey, Ken Thompson alianza kutunga mfumo mwingine kwa kutumia kompyuta ndogo iliyoitwa PDP-7. Mwenzake Dennis Ritchie akaungana naye, na mfumo huo ukaja kuitwa Unix. Faili zake zilipangwa kama mti uliopinduliwa: mzizi uko juu, na matawi yateremka chini. Mwenye mamlaka juu ya mti mzima, tangu mzizi hata jani la mwisho, ndiye aliyeitwa ruti.

Watu wengine wote waliwekewa mipaka. Kila faili ilipewa ruhusa za namna tatu, yaani kusoma, kuandika na kutekeleza. Na ruhusa hizo zikagawiwa watu wa namna tatu, yaani mwenye faili, jamaa wa kundi lake, na watu wengine wote. Kusoma kulihesabiwa 4, kuandika 2, na kutekeleza 1. Kwa hiyo faili yenye nambari 644 ni faili ambayo mwenyewe aweza kuisoma na kuiandika, kwa kuwa 4 na 2 ni 6, lakini kundi lake na watu wengine waweza kuisoma tu. Mwanafunzi na aishike nambari hiyo, tutaihitaji mbele. Ritchie alibuni pia alama ya ajabu: programu iliyotiwa alama hiyo hufanya kazi kwa mamlaka ya mwenye programu, wala si kwa mamlaka ya aliyeiita. Kwa ubunifu huo alipewa hataza nchini Marekani mwaka 1979. Baada ya miaka mingi, alama hiyo ndogo ilikuja kuwa ufunguo wa simu nyingi sana.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo wake kilichofuata desturi za Unix, nacho kikaitwa Linux. Mwaka 2003 Andy Rubin na wenziwe walianzisha kampuni ya Android huko Marekani. Google ikainunua mwaka 2005, na simu ya kwanza ya Android, iitwayo T-Mobile G1, ikaanza kuuzwa mwezi wa Oktoba 2008. Ndani yake mlikuwa na kiini cha Linux.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Unix ilitenga watu ili wasidhuriane katika mashine moja. Simu, lakini, ina mtu mmoja tu. Watunzi wa Android wakaugeuza mpango wa zamani: kila programu ikahesabiwa kana kwamba ni mtu, ikapewa nambari yake na chumba chake, ili programu ya mchezo isiweze kuchungulia barua zako. Ulikuwa mpango wa busara. Lakini kiti cha ruti kilibaki mikononi mwa watengenezaji, wala mnunuzi hakupewa. Mwenye simu akawa kama mtu aliyenunua nyumba kwa fedha zake, akapewa funguo za vyumba vyote isipokuwa kile chenye msingi wa nyumba.

Haukupita hata mwezi mmoja na nusu kabla mlango haujafunguka. Mwezi wa Novemba 2008 iligunduliwa kwamba katika simu ile ya G1 kila herufi iliyobonyezwa ilipelekwa pia, kwa siri, kwa mtekelezaji wa amri mwenye mamlaka ya ruti. Mtu alipomwandikia rafiki yake neno la Kiingereza lenye maana ya kuzima na kuwasha upya, simu ilizimika na kuwaka upya palepale! Google iliharakisha kuliziba tundu hilo, lakini wadadisi walikuwa wamekwisha kupita, nao wakaweka ndani ya mfumo programu yenye ile alama ya Ritchie, ili ruti aitwe wakati wowote wapendapo. Kazi hiyo ikaitwa kuruti simu.

Kwa nini watu walitaka hivyo? Wengine walitaka kuondoa programu walizolazimishwa kuwa nazo. Wengine walitaka kuhifadhi nakala za mali yao yote. Wengine walitaka mfumo mpya ambao mtengenezaji amekataa kuwapa. Na kwa ajili yao Steve Kondik alianza mwaka 2009 kutoa mfumo ulioitwa CyanogenMod, uliodumu hadi mwisho wa mwaka 2016. Mwezi wa Julai 2010 wakuu wa hakimiliki wa Marekani waliamua kwamba mtu kuifungua simu yake kwa namna hiyo si kuvunja sheria ya hakimiliki ya nchi ile. Mambo haya hayakukaa mbali nasi. Mwaka 2011 simu ndogo ya Android iliyoitwa Huawei IDEOS iliuzwa nchini Kenya kwa bei iliyokaribia shilingi 8,000, na vijana wengi wakashika Android kwa mara ya kwanza. Nafasi ya ndani ilikuwa finyu, na hamu ya kuipanua ilikuwa kubwa.

Katika simu za miaka hiyo ilikuwapo faili moja iliyopendwa sana na wadadisi, jina lake build.prop. Ni karatasi ya maandishi ya kawaida. Ndani yake mna jina la simu, ukubwa wa maandishi katika kioo, na maagizo mengine mengi ambayo mfumo huyasoma kila unapowaka. Mtu akibadili nambari moja, sura ya simu yabadilika. Lakini programu inayouwasha mfumo ina hadhari: ikiiona faili ya namna hiyo imeachwa wazi kuandikwa na kila mtu, haiiamini, nayo huipita bila kuisoma. Simu ikikosa maagizo yake huwaka nusu, ikazimika, ikaanza tena, kama mtu anayeamka na kusahau jina lake.

Kwa hiyo waliokwisha kuungua walijiwekea kanuni. Kwanza, toa nje ya simu nakala ya mali yako yote. Pili, nakili faili ya asili na uiweke mahali pengine, tena uhakikishe kwamba wajua jinsi ya kuirudisha simu ikikataa kuwaka. Tatu, usiisahihishe faili yenyewe. Sahihisha nakala yake, mahali pa kando. Nne, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ili ukikosea ujue ulipokosea. Tano, uiwekapo nakala mpya mahali pa ile ya zamani, hakikisha kwamba mwenyewe ni ruti na ruhusa zake ni 644. Sita, urudishe mfumo katika hali ya kusomwa tu, kisha ndipo uizime simu na kuiwasha. Kanuni hizi ni sita, nazo zaweza kufuatwa kwa dakika chache.

Mimi sikuzifuata. Mwaka 2014, nilipokuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu karibuni, nilikuwa na simu ambayo nilikuwa nimeiruti, nami nilijiona fundi. Ndani yake nilikuwa nimehifadhi sauti ya nyanya yangu mzaa baba, dakika 40, akinisimulia jinsi babaye alivyochukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918. Alitaja majina ya vijana wa kijiji waliochukuliwa pamoja naye na hawakurudi. Nilimwambia, "Nyanya, nitayaandika yote." Naye akanijibu, "Yaandike upesi, mjukuu wangu. Mimi ni jua la magharibi." Mwaka uliofuata mazungumzo yale alifariki, nami nilikuwa sijaandika.

Jioni moja nilitaka tu maandishi ya kioo yawe madogo kidogo. Nikaifungua build.prop yenyewe, nikabadili nambari, nikahifadhi, nikaizima simu bila kutazama ruhusa. Haikuwaka tena. Fundi niliyempelekea aliigeuzageuza, akasema hapana njia ila kuandika mfumo wote upya na kufuta kila kilichomo. Simu ilirudi nzima kama mpya. Ndani yake hamkuwa na sauti ya mtu yeyote. Leo nakumbuka majina mawili tu kati ya yale aliyoyataja. Sina wa kumlaumu. Mamlaka yalikuwa yangu, na mkono ulikuwa wangu. Hakika majuto ni mjukuu.

Watengenezaji nao hawakulala. Tangu Android 5.0, mwaka 2014, hata ruti mwenyewe aliwekewa mipaka mikali zaidi na ulinzi uitwao SELinux. Tangu Android 7.0, mwaka 2016, simu zilizotolewa na mfumo huo hupima mfumo wao kila ziwakapo, na zikiuona umeharibiwa au umebadilishwa huweza kukataa kuwaka. Mwaka huo huo wa 2016 kijana wa Taiwan, John Wu, alitoa programu iitwayo Magisk, iliyofuata njia nyingine kabisa: faili za asili haziguswi, mabadiliko hutandikwa juu yake simu inapowaka, kama mkeka juu ya sakafu. Ukiuondoa mkeka, sakafu iko vile vile. Na katika simu nyingi zilizotoka na Android 10, ya mwaka 2019, au baada yake, chumba cha mfumo hakiandikiki tena hata kwa ruti, hivyo njia ya mkeka imekuwa ndiyo njia kuu.

Hata hivyo hatari haijaisha. Kuufungua mlango wa kwanza wa simu kwa kawaida hufuta kila kitu kilichomo. Programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyorutiwa. Na programu mbaya ikipewa kiti cha ruti yaweza kusoma siri zote za mwenye simu. Afikiriye kuifanya kazi hii na aifanye katika simu yake mwenyewe, isiyo na kitu cha pekee ndani yake, wala si katika simu ya mzazi wake.

Twaona basi kwamba historia hii, tangu wale wasimamizi wawili wa MIT hata kijana wa leo, yafundisha neno moja. Watu wameshindana miaka mingi juu ya nani anastahili kukalia kiti cha ruti, na mimi ni miongoni mwa wale wasemao kwamba mwenye mali ana haki na mali yake. Lakini mfumo hautambui haki. Hutii amri tu, iwe njema au mbaya. Wahenga walisema akiba haiozi. Wewe usomaye insha hii, kama simu yako imeshika sauti ya mtu ambaye hatazungumza tena, inakili leo kabla hujafunga kitabu hiki.