Kabla ya Bawa: Bonde la Ruhuhu na Mlo wa Watambaazi Warukao

Mwanafunzi wa biolojia akiulizwa terosauri walikula nini, jibu huwa tayari mdomoni: samaki. Michoro ya vitabuni imemzoesha mnyama mwenye mabawa ya ngozi akipita juu ya mawimbi na windo lake kinywani. Jibu hilo lina ukweli, lakini linatueleza zaidi mahali mifupa ilikozikwa kuliko namna wanyama wenyewe walivyoishi. Hoja yangu ni kwamba miamba ya magharibi ya Songea, isiyojulikana kwa mabawa hata kidogo, inaweza kuirekebisha picha hiyo kuliko machimbo mengi yenye sifa.

Terosauri hawakuwa ndege wala dinosaria, ingawa walikuwa na undugu wa karibu na dinosaria. Bawa lao lilibebwa na kidole kimoja, cha nne, kilichorefuka kupita kiasi, huku vidole vitatu vya mwanzo vikibaki vifupi na vyenye kucha. Kutoka ncha ya kidole hicho utando ulishuka hadi mguuni. Mifupa ilikuwa na uwazi wa hewa ndani, na kuta zake mara nyingi hazikuzidi milimita moja au mbili. Mfupa wa namna hiyo hauhimili mto wenye kasi wala meno ya wala mizoga. Husalia pale tu unapozama upesi katika tope lililotulia. Ndiyo maana mawe ya chokaa ya Solnhofen, Ujerumani, yaliyotuama katika vidimbwi vya bahari, yametoa terosauri wengi aina ya Rhamphorhynchus, baadhi wakiwa bado na samaki tumboni. Aliyefia pwani hutuonyesha mlo wa pwani. Aliyefia bara, mara nyingi, hatuonyeshi chochote.

Hapa nchini hali ni hiyohiyo. Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbwa na msafara wa makumbusho ya Berlin kuanzia 1909 hadi 1913. Mamia ya vibarua, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, walitoa zaidi ya tani 200 za visukuku. Mifupa ya terosauri katika shehena hiyo ni michache na imevunjikavunjika. Hans Reck aliieleza mwaka 1931, na mwaka 1999 David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich wakakipa kipande cha taya la chini jina la Tendaguripterus recki. Tendaguru nayo ilikuwa kando ya bahari. Mjadala wetu wa umma umeng'ang'ania yule “mjusi” mkubwa, dinosaria wa Tendaguru aliyesimamishwa Berlin. Taya hilo dogo halijapata mtetezi.

Hata hivyo, yaliyokwisha kujulikana yanatosha kuonyesha kwamba samaki hakuwa chakula cha wote. Pterodaustro wa Argentina alikuwa na mamia ya meno membamba kama nywele, ya kuchuja vijidudu majini. Dsungaripterus wa China alikuwa na ncha ya mdomo isiyo na meno na, nyuma yake, meno butu ya kupondea vyenye magamba magumu. Kuhusu Quetzalcoatlus, ambaye mabawa yake yalifika mita 10 hivi, Mark Witton na Darren Naish walidai mwaka 2008 kwamba yeye na jamaa zake waliwinda kwa kutembea nchi kavu, wakidonoa wanyama wadogo. Mwaka 2020 Jordan Bestwick na wenzake walichunguza mikwaruzo midogo kwenye meno. Wakaona kwamba Rhamphorhynchus wachanga walikula zaidi wadudu, na samaki wakaja baadaye, ukubwani. Kwa maoni yangu, hilo la wadudu ndilo la kushika.

Maana linaturudisha magharibi ya Songea, mkoani Ruvuma. Miamba ya Manda, katika bonde la Mto Ruhuhu unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa, ni matope na mchanga wa mito ya kale ya bara. Wengi huiweka katika Triasiki ya kati, miaka milioni 240 na zaidi iliyopita, ingawa umri huo unabishaniwa. Mwaka 1933 Rex Parrington wa Cambridge aliokota humo mifupa ambayo Alan Charig aliichambua katika tasnifu yake ya 1956. Ilichapishwa rasmi mwaka 2017 tu, baada ya Sterling Nesbitt na wenzake kupata mifupa mingine: Teleocrater rhadinus, mla nyama wa miguu minne. Yumo katika ukoo uliozaa ndege, dinosaria na terosauri, lakini kifundo chake cha mguu ni cha kimamba. Wataalamu waliotarajia babu mwepesi anayekimbia kwa miguu miwili ilibidi wafikiri upya.

Mwaka 2020 Martín Ezcurra na wenzake walionyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa terosauri ni lagerpetidi, watambaazi wadogo wasio na mabawa, wanaofanana nao katika sikio la ndani, taya na mkono. Mmoja wao, Kongonaphon wa Madagaska, alikuwa na kimo cha sentimita 10 hivi, na meno yake yana vishimo vinavyoashiria kula wadudu wagumu. Basi mlo wa wadudu huenda ulitangulia bawa.

Atakayesema miamba ya Manda ni mizee mno kwa terosauri, ambao wa kwanza tunaowajua wana umri wa miaka milioni 220 hivi, amesema kweli. Lakini ndiyo sababu ya kwenda huko: tunayemtafuta ni yule aliyewatangulia, naye alikuwa mdogo. Misafara imezoea kuokota mifupa inayoonekana juu ya ardhi kwa macho, nayo huwa mikubwa. Meno ya milimita mbili hayaokotwi hivyo. Vyuo vyetu vikuu na Makumbusho ya Taifa wakipanga tena safari ya Ruhuhu, wapeleke machekeche ya matundu madogo na wanafunzi wa Songea wa kuyatumia, waoshe tope na kulichambua chini ya darubini hapa hapa nchini.