Pombe ya ulezi: jua linaiharibu au la?

Mama anayepika pombe ya ulezi Katandala, Sumbawanga, aiweke wapi ndoo wakati inachachuka? Uani kuna jua, ndani kuna giza.

Mwanga wenyewe si tatizo kubwa. Wanaouogopa ni watengeneza bia ya chupa, kwa sababu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Hopsi zikipigwa na jua, bia inanuka kama kicheche, tena ndani ya dakika chache tu. Ndiyo maana chupa nyingi ni za kahawia.

Pombe ya ulezi haina hopsi. Adui zake ni joto na hewa: inachacha mno, inaelekea siki, na hela ya kimea imekwenda. Kwa hiyo ndoo ikae ndani, mfuniko usikazwe, gesi itoke.