Donge la damu lililozua ubishi

Mpaka kufikia mwaka 1980 mabingwa wa moyo duniani walikuwa bado wanabishana: je, donge la damu ndilo linaloleta shambulio la moyo, au linajitokeza baadaye, msuli ukishakufa?

Haukuwa ubishi wa kijiweni. Kama donge ni matokeo tu, ya nini kuliyeyusha? Basi mgonjwa alilazwa, akapewa oksijeni na mofini, mapigo yakaangaliwa kwenye mashine. Msuli uliokosa damu uliachwa ufe.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ilikuwepo! Mwaka 1933, kule Baltimore, William Tillett alionyesha kuwa bakteria fulani hutoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Baadaye kikaitwa streptokinesi. Wachache waliijaribu kwa wagonjwa wa moyo tangu miaka ya 1950, majibu yakapingana.

Ubishi ulikatwa Spokane, mji wa Marekani ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Marcus DeWood na wenzake walifanya kilichoogopwa: kupitisha mpira mwembamba hadi kwenye mishipa ya moyo wa mtu ambaye shambulio ndiyo kwanza limeanza, kumwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kupiga picha. Kati ya wagonjwa 126 waliopigwa picha ndani ya saa 4, 110 mshipa ulikuwa umeziba kabisa. Kwa wale wa saa 12 hadi 24, ni 37 kati ya 57. Yaani donge linatangulia, kisha kwa baadhi linaanza kuachia lenyewe, wakati msuli umeshaharibika.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1986 Waitaliano walitangaza utafiti wa wagonjwa zaidi ya 11,000: dripu ya streptokinesi iliokoa maisha, hasa kwa waliowahi ndani ya saa ya kwanza. Mwaka 1988 utafiti mwingine, wa watu 17,187, ukaongeza aspirini. Ndiyo, aspirini hii hii ya dukani! Waliokosa vyote viwili walikufa asilimia 13.2 ndani ya wiki tano. Waliopata vyote, asilimia 8.

Siku hizi kinachopendelewa ni kuzibua mshipa kwa puto dogo, mbinu ambayo Andreas Grüntzig aliianza Zürich mwaka 1977. Dar tunayo, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini puto linataka mgonjwa afike mapema. Mshipa ukiziba Tunduru usiku, mimi naona dripu ya kuyeyusha donge, ikiwepo hospitali ya wilaya, ina kazi kuliko puto la Dar.