Beki wa Nchi Mbili: Kutoka Mustapha Zitouni hadi Anthar Yahia

Tarehe 13 Machi 1958, jijini Paris, beki wa kati wa Ufaransa alipewa kazi ambayo mabeki wa Ulaya waliiogopa kuliko zote: kumkaba Alfredo Di Stéfano, mshambuliaji wa Uhispania. Beki huyo alikuwa Mustapha Zitouni, mzaliwa wa Algiers, mchezaji wa Monaco. Ufaransa na Uhispania zilitoka sare ya 2-2, na inasimuliwa kuwa baada ya mechi hiyo Real Madrid walianza kumtaka. Miezi mitatu baadaye kungekuwa na Kombe la Dunia nchini Sweden, na jina la Zitouni lilikuwa miongoni mwa majina ya mwanzo.

Hakwenda. Katikati ya Aprili alitoweka Monaco pamoja na wenzake watatu wa klabu hiyo, Abdelaziz Ben Tifour, Kaddour Bekhloufi na kipa Abderrahman Boubekeur. Walivuka mpaka wa Italia, wakafika Roma, na kutoka hapo wakaelekea Tunis.

Algeria ilikuwa chini ya Ufaransa tangu 1830, na vita vya ukombozi vilivyoanza Novemba 1954 vilikuwa katika mwaka wa nne. Kisheria Ufaransa iliihesabu Algeria kuwa sehemu yake yenyewe. Ndiyo maana kijana wa Algiers au Sétif aliyejaliwa kipaji aliweza kuvuka bahari, akasajiliwa Cannes au Saint-Étienne, na akifanya vizuri akaitwa timu ya taifa ya Ufaransa, huku ndugu zake kijijini wakihojiwa na askari wa Ufaransa hiyo hiyo. Viongozi wa FLN, chama kilichoongoza vita hivyo, walilitambua hilo mapema. Mtu wao, Mohamed Boumezrag, aliyewahi kucheza soka Ufaransa, alizunguka kwa siri akizungumza na mchezaji mmoja mmoja, ili waondoke wakaunde timu ya FLN huko Tunis. Rachid Mekhloufi wa Saint-Étienne alikuwa bado jeshini, hivyo kuvuka kwake mpaka kupitia Uswisi kulikuwa utoro wa askari wakati wa vita. Mohamed Maouche wa Reims alikamatwa kabla hajafika Tunis.

Tarehe 16 Aprili Ufaransa ilicheza na Uswisi bila Zitouni, ikatoka 0-0. Kule Sweden nafasi ya beki wa kati alicheza Robert Jonquet, mkongwe na nahodha. Katika nusu fainali dhidi ya Brazil, mabao yakiwa 1-1, Jonquet aliumia mguu vibaya. Enzi hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia, kwa hiyo alibaki pembeni akichechemea na Brazil ikashinda 5-2, Pelé akifunga matatu. Hakuna anayeweza kusema matokeo yangekuwa tofauti kama Zitouni angekuwepo, lakini Wafaransa waliulizana hivyo kwa miaka mingi, nami naona swali lenyewe ni heshima kubwa kwa beki aliyekuwa ameichezea nchi yao mechi nne tu.

Timu ya FLN ilicheza miaka minne, kuanzia Tunisia na Morocco hadi Ulaya Mashariki, China na Vietnam. FIFA haikuitambua. Kwa Zitouni maana yake ilikuwa kwamba miaka yake bora, kutoka umri wa miaka 29 hadi 33, haimo katika kumbukumbu rasmi za mechi za kimataifa. Algeria ilipopata uhuru Julai 1962, Mekhloufi alirudi Saint-Étienne na kushangiliwa. Zitouni alibaki nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 FIFA ilifunga mlango uliokuwa wazi muda mrefu. Di Stéfano huyo aliyekabwa na Zitouni alikuwa amekwisha kuvaa jezi za Argentina na Colombia kabla ya Uhispania. José Santamaría, beki wa Real Madrid mwenye wazazi wa Galicia, Uhispania, aliichezea Uruguay Kombe la Dunia la 1954 na Uhispania lile la 1962. Sasa ikaamuliwa kuwa aliyekwisha kuichezea nchi moja hawezi kuhamia nyingine. Sheria hiyo iliwazuia mastaa waliozoea kuhama, lakini baadaye iliwabana hata vijana waliozaliwa na wahamiaji: mechi moja rasmi ya timu ya vijana, akiwa na miaka 16, ilitosha kumfunga mtu maisha yote.

Kamba ililegezwa mwaka 2004 kwa waliochezea timu za vijana tu, na mtu wa kwanza kufaidika alikuwa beki. Anthar Yahia alizaliwa Mulhouse, mashariki ya Ufaransa, mwaka 1982, kwa wazazi wa Algeria. Alipita katika akademi ya Inter Milan, akacheza timu za vijana za Ufaransa, akapata namba Bastia. Wapo wanaosema wazaliwa wa Ulaya huzikumbuka nchi za wazazi wao wakishakosa nafasi huko. Kwa baadhi ni kweli. Yahia alichagua akiwa na miaka 21, akicheza ligi kuu ya Ufaransa, wakati ambapo Algeria haikuwa imeonekana Kombe la Dunia tangu 1986.

Malipo yalikuja Omdurman, Sudan, tarehe 18 Novemba 2009. Katika kuwania kufuzu Kombe la Dunia la 2010, Algeria na Misri zilikuwa zimelingana kwa kila hesabu, ikabidi mechi ya ziada. Siku chache kabla, jijini Cairo, basi la Waalgeria lilipigwa mawe na wachezaji wakajeruhiwa. Dakika ya 40 Karim Ziani wa Algeria alipenyeza mpira upande wa kulia wa eneo la hatari. Aliyeufuata hakuwa mshambuliaji. Alikuwa Yahia, beki aliyepanda mbele, akaupiga bila kuutuliza, kwa nguvu, juu, ukampita kipa wa Misri, Essam El-Hadary. Bao hilo moja liliipeleka Algeria Afrika Kusini.

Kule, kati ya wachezaji 23 wa Algeria, 17 walikuwa wazaliwa wa Ufaransa. Yahia alikuwa nahodha wa ukuta ulioizuia Uingereza kwa sare ya 0-0 jijini Cape Town, na katika mechi ya mwisho, Marekani walipofunga dakika za majeruhi, alitolewa kwa kadi nyekundu. Alistaafu timu ya taifa mwaka 2012.

Waliofuata njia yake wanajulikana hata Afrika Mashariki: kwenye fainali za Afrika za 2019, bao la pili kati ya mawili waliyofungwa Kenya lilikuwa la Riyad Mahrez, mzaliwa wa Sarcelles, na mawili kati ya matatu waliyofungwa Tanzania yalikuwa ya Adam Ounas, aliyewahi kuvaa jezi ya vijana ya Ufaransa.

Zitouni alifariki Nice Januari 2014, akiwa na miaka 85. Juni mwaka huo Algeria ilifika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikaifikisha Ujerumani dakika za nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Beki wake wa kushoto, Faouzi Ghoulam, alizaliwa jirani na Saint-Étienne na alikuwa amechezea timu ya vijana ya Ufaransa. Kuhama kwake kulihitaji barua kwa FIFA.