Msamaha wa Kodi Wenye Kiapo

Serikali inapokupa fedha, au inapokusamehe kodi uliyopaswa kulipa, je, imeununua na ulimi wako? Swali hili lilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1958, nalo lilianzia kwenye fomu ya kodi ya mali.

Jimbo la California lilikuwa na desturi ya kuwashukuru askari waliorudi vitani. Aliyepigana Vita Kuu ya Pili akaachishwa jeshi kwa heshima, aliondolewa kodi kwenye mali yenye thamani ya dola 1,000. Hazikuwa fedha za kujengea ghorofa. Lakini mwaka 1952, siku zile hofu ya ukomunisti ilipowafanya Wamarekani watazamane kwa jicho la pembeni, Katiba ya jimbo ilirekebishwa, na mwaka uliofuata fomu ikaongezewa kiapo: mwombaji atamke kwamba hahubiri kuipindua serikali kwa nguvu, wala kuunga mkono dola ya kigeni vita vikizuka.

Lawrence Speiser, mwanasheria aliyekuwa askari katika vita hivyo, alikataa kutia sahihi. Mkadiriaji kodi wa kaunti ya Contra Costa akamnyima msamaha. Kanisa la Kwanza la Waunitari la Los Angeles nalo likakataa kiapo hicho, likanyimwa vilevile.

Jimbo lilijitetea kwamba msamaha ni hisani, si haki. Utetezi huo unaingia akilini: mtoaji ndiye apangaye. Jaji William Brennan, aliyeandika hukumu ya wengi, hakuukubali. Alisema kumnyima mtu msamaha kwa ajili ya maneno yake ni sawa na kumwadhibu kwa maneno hayo. Hata hivyo, tusimpe sifa kupita kiasi. Hakuamua kama jimbo laweza kuwanyima msamaha wachochezi wa kweli. Alichokataa ni kumtwika raia mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye si mchochezi. Mtu akitakiwa kuthibitisha usafi wa kauli zake, atanyamaza hata pale sheria inapomruhusu kusema. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa kesi nzima, na kila aliyewahi kusimama dirishani mwa ofisi na fomu mkononi anaelewa kwa nini.

(Jaji Mkuu Earl Warren hakushiriki. Kiapo kile kilipotungwa, yeye ndiye aliyekuwa gavana wa California.)

Mwaka 1983 mahakama hiyohiyo ilivuta kamba upande wa pili. Chama kimoja kilitaka wachangiaji wake wapunguziwe kodi, ilhali kinashawishi Bunge kuhusu sheria. Majaji wote walikataa: serikali kutokukufadhili useme si kukuziba mdomo. La ajabu ni kwamba vyama vya askari wa zamani viliruhusiwa kufanya yote mawili, na mahakama haikuona kosa.

Jambo hili lilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 ya kupambana na UKIMWI, ambayo fedha zake zilimiminika Kenya, Uganda na Tanzania, ilitaka mashirika mengi yanayopokea yawe na msimamo rasmi wa kupinga ukahaba. Brazil, ambayo wahudumu wake walifanya kazi bega kwa bega na makahaba, iliziacha karibu dola milioni 40 mwaka 2005. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema mashirika ya Kimarekani hayawezi kulazimishwa kukiri imani ya serikali ili yapate ruzuku. Mashirika hayo yakaomba kinga hiyo iyafikie na matawi yao ya nje. Mwaka 2020 yakajibiwa, kwa kura 5 dhidi ya 3, kwamba mgeni aliye nje ya Marekani hana haki chini ya Katiba yao. Kwa hiyo ofisi ya New York ilikuwa huru kukaa kimya, na tawi lake lililosajiliwa Nairobi, likifanya kazi ileile chini ya jina lilelile, lingeweza kutakiwa kutia sahihi.